Jinsi ya kusoma isimu ndani ya digrii ya Kiingereza ukiwa mtoto wa Mombasa

Kila muhula wa kwanza ukianza napokea simu za aina moja. Kijana amepita vizuri Kiingereza fomu foo, amechukua digrii ya Kiingereza, mwengine B.A. mwengine ualimu, ukimuuliza kwa nini anakwambia napenda riwaya, napenda mashairi, napenda kuandika. Halafu wiki ya pili anaingia yunit ya utangulizi wa isimu, yaani elimu ya lugha inavyofanya kazi, ubaoni kuna e imepinduliwa kichwa chini, n ina mkia, lekcha anazungumza mambo ya ulimi na ufizi, na jioni kijana ananipigia ananiuliza, "Maalim, nimekosea darasa ama?" Hujakosea darasa mwanangu. Isimu iko ndani ya digrii ya Kiingereza karibu kila mahali, mwaka wa kwanza mpaka wa mwisho, bora ujue mapema namna ya kuishi nayo, manake wanaoikimbia mwaka wa kwanza inawakuta mwaka wa tatu ikiwa nzito zaidi.

Mimi mwenyewe nilipita hapo. CAT yangu ya kwanza ya fonetiki, ule mtihani mdogo wa ndani ya muhula, nilipata 7 kwa 30, na nilikuwa nimesoma usiku kucha wallahi, fasili zote ninazo kichwani neno kwa neno, fonimu ni hivi, alofoni ni vile, silabi ni kadha. Karatasi ikaja na maneno kumi ya Kiingereza basi, yaandike vile yanavyotamkwa na ueleze kila sauti inatokea wapi mdomoni. Nikakaa nayatazama yale maneno. Sikuwa nimewahi hata siku moja kulitamka neno polepole nikasikiza mdomo wangu unafanya nini. Nikaandika spelling za kawaida nikapeleka.

Kilichonitoa pale ni kitu kimoja na ndicho ninachotaka ukichukue hapa hata kama hutasoma mengine: isimu haikaririwi, inafanywa, na wewe uliyezaliwa Mombasa una vifaa vyake nyumbani kabla hujafungua kitabu. Una Kimvita cha bibi yako, lahaja yetu ya Mombasa, una Kiswahili cha shuleni, una Kiingereza, pengine na Kigiriama au Kidigo au Kitaita juu yake, na wengi wetu tuna Kiarabu cha msahafu. Fasili zije baadae. Kwanza unachukua maneno kama watu wanavyoyasema, unayapanga, unaangalia yanafanana wapi, unatunga kanuni, halafu unatafuta neno la kuivunja hiyo kanuni yako. Ukizoea hivyo fasili zinaingia zenyewe manake unajua zinazungumzia nini.

Haraka haraka ramani yake ni hii. Fonetiki ni sauti zinavyotengenezwa, fonolojia ni sauti zinavyopangwa ndani ya lugha moja, mofolojia ni maneno yanavyojengwa, sintaksia ni sentensi, semantiki ni maana, pragmatiki ni maana mtu anapozungumza na mtu, isimujamii ni lugha na watu wake, halafu kuna historia ya Kiingereza. Majina na mpangilio vinatofautiana chuo na chuo. Na usidhani ni kitu kipya kabisa, yale maswali ya oral skills ya karatasi ya kwanza ya Kiingereza KCSE, maneno yanayofanana sauti, wapi pa kuweka mkazo, ile ilikuwa isimu ila hawakukwambia jina lake.

Sasa tuanze na sauti, na hapa nitakaa manake hapa ndipo wengi wanapoangukia.

Kama ulipita chuo, nasema chuo cha maalim wa msahafu sio chuo kikuu, na ukasomeshwa tajwidi, yaani kanuni za kuisoma Qur'ani, basi fonetiki ulishaianza ukiwa na miaka saba. Makhraji ya herufi ni nini? Ni mahali sauti inapotokea, kooni, ulimini, midomoni, puani. Lekcha akisema place of articulation anasema makhraji. Wataalamu wa Kiarabu walikuwa wakiyapanga haya tangu karne ya 8, Sibawayhi wa Basra aliandika sauti za Kiarabu moja moja zinatokea wapi, na ile chati ya IPA unayopewa darasani, ya alama za kuandikia sauti za lugha zote, ya jumuiya iliyoanzishwa Paris 1886, konsonanti zake nazo zimepangwa kwa mahali: midomo upande mmoja, koo upande wa pili. Chukua hiyo chati, kaa chini, kila kisanduku jiulize maalim wangu angesema hii makhraji yake wapi. Jioni moja inakutosha kwa nusu ya konsonanti. Kama hukusoma madrasa usijali, muite rafiki yako aliyesoma mkae pamoja, yeye atakuonyesha koo na wewe utamsaidia kitu chengine.

Mtego mmoja tu hapa, uandike kwa kalamu nyekundu. Kwenye tajwidi ghunna ni sauti ya puani. Kwenye vitabu vya isimu vya Kiswahili ghuna ni sauti inayotetemesha nyuzi za koo, na ile ya puani inaitwa nazali. Neno moja mambo mawili. Nimeona mwanafunzi mzuri sana akipoteza marksi sita kwa hilo peke yake.

Mtetemo wa koo usiusome, ushike. Weka vidole viwili kooni sema sss, halafu zzz. Ya kwanza koo limetulia, ya pili linatetemeka. Sasa sema "cats", sema "dogs". Kwenye maandishi zote zina s mwisho lakini ya pili ni z, na "buses" ina irabu kabisa kabla ya z. Kwa nini? Angalia sauti inayoitangulia: t haitetemeshi basi s nayo haitetemeshi, g inatetemesha basi inaivuta s kuwa z. Umeshafanya fonolojia hapo, ukiwa umekaa kitandani na mkono kooni.

Halafu kuna hiki, ambacho kwangu ndicho kilichofungua mlango. Lekcha wetu alikuja na kipande cha karatasi akakiweka mbele ya mdomo akasema "pin", karatasi ikaruka, akasema "spin", karatasi ikatulia. Akasema Kiingereza kina p mbili, moja ina mpumuo moja haina, lakini Waingereza wenyewe hawazisikii kama ni mbili manake hazibadilishi maana, ndio maana tunaziita alofoni za fonimu moja. Darasa zima limekaa kimya halielewi. Mimi nikakumbuka bibi yangu pale Mji wa Kale. Bibi akisema paa la nyumba, p yake kavu. Akisema paa yule mnyama wa porini, p inatoka na pumzi. Kaa la moto, k kavu, kaa wa baharini anayekwenda upande, k ina pumzi. Kwa mtu wa Kimvita aliyekulia nacho hizo ni sauti mbili na ukizibadilisha umebadilisha maana. Kiingereza kinazo pumzi zile zile lakini hakizitumii kutenganisha maneno. Hapo ndipo nilipoelewa fonimu ni nini na alofoni ni nini, fonimu ni sauti inayobadilisha maana, alofoni ni sura zake zisizoibadilisha, na sijasahau mpaka leo, na fasili nilikuwa nimeikariri miezi mitatu bila ya kuielewa.

Kwa hivyo kazi yako ya wiki ya kwanza ni hiyo. Mwendee mtu mzima kwenu, bibi, babu, jirani wa Kibokoni au Kuze, muombe aseme paa na paa, kaa na kaa, ukuta mmoja na kuta mbili, shika karatasi mbele ya mdomo wake kama atakuruhusu. Vijana wengi wa sasa tofauti hiyo imetupotea, wewe mwenyewe jipime kama unayo. Jibu lolote utakalopata ni data.

Irabu ndizo zinazotutesa kwa upande wa Kiingereza. Kiswahili kina irabu tano. Kile Kiingereza cha Uingereza cha kusini kinachosomeshwa vitabuni kinahesabiwa sauti 44, konsonanti 24 na irabu 20 ukiweka na zile mbili mbili zilizoungana. Sasa sisi tunazisukuma zote 20 kwenye vikapu vyetu vitano. Chukua "hat", "hut", "heart", "hurt". Wengi wetu tukizisema haraka zote nne zinatoka hat hat hat hat. Kwenye IPA ni /hæt/, /hʌt/, /hɑːt/, /hɜːt/. Usijaribu kujifunza 20 kwa siku moja. Chukua hizi nne wiki nzima, fungua kamusi ya Kiingereza kwenye intaneti yenye kitufe cha sauti, sikiza, jirikodi kwenye simu, sikiza tena, andika alama. Wiki inayofuata chukua "ship" na "sheep", "pull" na "pool". Na nikwambie, lengo sio uzungumze kama mtu wa London, hakuna anayekutaka hivyo, lengo ni sikio lako lijue kutenganisha na mkono wako ujue kuandika.

Konsonanti nyengine hapa tuna bahati, th ya "think" na dh ya "this" mtoto wa pwani anazo tayari kutoka thamani na dhahabu. Hapo wenzako watakuja kwako.

Sasa niachie nikuonyeshe kanuni moja mwanzo mpaka mwisho, manake huu ndio muundo wa jibu la mtihani. Kwenye tajwidi kuna iqlabu, nuni sakina, yaani nuni isiyo na irabu, ikikutana na ba inageuka mimu, unaandika min baadi unasoma mim baadi. Shika hiyo. Njoo Kiswahili: nyumba nzuri, nyumba ndogo, lakini nyumba mbaya, hatusemi nyumba nbaya. Udevu ndevu, lakini ubavu mbavu, ubao mbao. Njoo Kiingereza: "indecent", lakini "impossible", na mtu akisema "ten boys" kwa haraka sikiza vizuri utasikia tem boys. Lugha tatu hazina undugu, Kiarabu ni mbali na Kibantu na Kibantu ni mbali na Kiingereza, na zote zimefanya kitu kimoja. Sababu iko mdomoni: n inatengenezwa kwa ulimi kwenye ufizi, b kwa midomo, basi mdomo unajitayarisha mapema kwa b na n inakuwa m. Jina lake usilimisho. Kwenye karatasi unaandika hivi: data yako, kanuni kwa maneno, yaani n hugeuka m mbele ya sauti za midomo, halafu sababu, halafu unajaribu kuivunja, je mbele ya k inakuwaje? Sema "ten cups" polepole halafu haraka, sikiza n yako inakwenda wapi, ni nyuma kama ile ya ng'ombe. Kanuni haijavunjika, imekua. Mwanafunzi akiniletea jibu la namna hiyo ninajua huyu hatarudia yunit.

Silabi kwa mtu anayejua mashairi ni rahisi. Mizani ni silabi. Mshairi Muyaka wa Mombasa, aliyefariki 1840, alikuwa akihesabu mizani bila ya kusoma isimu kokote, na wewe ukihesabu utenzi unajua kila kipande ni mizani nane. Sasa hesabu "mtu". Ni mizani mbili, m-tu, ile m imesimama peke yake bila irabu. Hesabu "mbuzi". Mbili pia, mbu-zi, hapa m haikusimama. Darasani mkifika kwenye konsonanti zinazobeba silabi, lekcha atatoa "button" na "bottle", ile n na ile l mwisho zinasimama peke yake vile vile kama m ya mtu, wewe utakuwa ushafika. Mkazo nao: Kiswahili tunauweka silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila mara, ila angalia barabara ya magari na kazi iliyofanywa barabara, maandishi mamoja lakini ya pili mkazo umerudi nyuma. Kiingereza kimejaa hayo, "record" jina na "record" kitendo. Na hapa ndipo isimu inaporudi kuisaidia fasihi yako unayoipenda, mistari ya Shakespeare inakwenda kwa mkazo, hafifu nzito hafifu nzito mara tano, na ukiwa na sikio la mizani utaona wapi amevunja mpango makusudi.

Mofolojia watu wetu hawaiogopi sana na wana haki. Mtu ambaye anasema hatutawapikia bila kufikiri na anaweza kuikata ha-tu-ta-wa-pik-i-a, "unbelievably" haiwezi kumshinda. Kitu cha kuangalia ni kuwa Kiingereza mofimu zake nyengine, yaani vile vipande vya neno vyenye maana, hazionekani, wingi wa "sheep" uko wapi? Nakupa mfano wa kubeba kwenye mtihani. Kiswahili kilichukua "keep left" kikaifanya kipilefti, halafu kwa sababu inaanza na ki tukasema vipilefti. Ni kosa? Hapana, masikio yamekata neno mahali pengine. Kiingereza kimefanya hivyo hivyo: zamani walikuwa na "pease", umoja wake na s yake, watu wakadhani ile s ni ya wingi wakaitoa, wakabaki na "pea". Njegere na kipilefti, kanuni moja.

Sintaksia ni michoro ya matawi na hapa hakuna njia ya mkato, ni kuchora kila siku, mitano kwa siku kwa wiki tatu mkono unazoea. Tangu mwanaisimu Noam Chomsky alipotoa kazi yake ya 1957 somo hili limejaa kanuni za kujenga sentensi, na nadharia zimebadilika mara kadhaa baada ya hapo kwa hivyo tumia alama za lekcha wako sio za kitabu ulichokiokota intaneti. Lakini kwanza uelewe mti ni wa nini. Sema "mtoto wa jirani mrefu". Nani mrefu? Inawezekana ni mtoto, inawezekana ni jirani. Maneno ni yale yale, mpangilio ni ule ule, maana mbili, basi lazima kuna kitu chengine ndani ambacho hukioni, na mti ndio unaokionyesha, mrefu umeshikana na nani. Sasa sema "kitabu cha mwalimu kipya", halafu "kitabu cha mwalimu mpya". Utata umeondoka, ngeli imekuonyesha. Kiingereza hakina ngeli za kukusaidia, ndio maana "old men and women" inabaki na maana mbili, na ndio maana inabidi uchore miti miwili. Ukipewa sentensi yenye utata, kwanza andika maana zote mbili kwa maneno ya kawaida, halafu ndio uchore. Wengi wanachora kwanza wanapotea.

Semantiki nitaipita. Pragmatiki lakini ndugu yangu, hakuna mahali duniani pazuri pa kuisomea kama hapa. Mwanafalsafa Paul Grice ametueleza kwamba watu wakizungumza wanategemea kanuni za kushirikiana, na mtu akizivunja kwa makusudi msikilizaji anatafuta maana iliyofichwa. Nenda Biashara Street ukaangalie leso. Mama ananunua leso imeandikwa Hasidi hana sababu, anaivaa, anapita mbele ya mlango wa jirani, hajasema neno. Jirani akimuuliza unanisema mimi? Mama atajibu mimi nimevaa leso tu. Maana imefika, na anayeituma anaweza kuikana. Hicho ndicho vitabu vinachokieleza kwa kurasa kumi. Ama mtu anainuka kwenye baraza anasema "nakuja", huku anaondoka. Kwa maneno ni uongo, kwa matumizi kila mtu ameelewa, ananyanyuka kidogo atarudi. Beba daftari, kila siku andika kitu kimoja kama hicho ulichokisikia kwenye matatu au kwenye kahawa, nani alisema, alimwambia nani, maneno yalikuwa yapi, maana ilikuwa ipi. Mwisho wa muhula una mifano sabini na ni yako.

Historia ya Kiingereza ishike kwa matukio machache yanayoeleza mengi. 1066 Wanormani wanaingia Uingereza na Kifaransa chao kinamwaga maneno. Caxton, mchapishaji, analeta uchapishaji Uingereza 1476, spelling zinaanza kuganda wakati sauti bado zinabadilika, irabu ndefu za Kiingereza zimehama kati ya takriban 1400 na 1700, ndio maana leo unaandika kimoja unasema chengine. Sisi spelling yetu ya herufi za Kizungu imesanifishwa juzi tu ndio imenyooka.

Na kusanifisha huko ndio mlango wa isimujamii, na hapa nakwambia ukweli roho yangu inahusika. Mwaka 1928 mkutano ulikaa hapa hapa Mombasa na ukachagua Kiunguja, lahaja ya Unguja, kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, Kimvita kikawekwa kando, Kimvita ambacho mmishonari Krapf, aliyefika Mombasa 1844, ndicho alichokijazia kamusi yake. Watoto wetu wakaja kuambiwa shuleni mato ni kosa sema macho. Sio kosa. Isimu itakufundisha lahaja sanifu ni lahaja iliyochaguliwa, haikuwa bora kuliko nyengine, na Kiingereza nacho ni vivyo hivyo. Ukilielewa hili kwa bibi yako utalielewa kwa mtu yeyote duniani anayeambiwa anazungumza vibaya.

Njia za kusoma sasa. Usikubali kutoka darasani na fotokopi peke yake. Ferdinand de Saussure alifariki 1913 na kile kitabu kilichomfanya awe baba wa isimu ya kisasa kilitoka 1916, kimekusanywa kutokana na noti za wanafunzi wake darasani, kwa hivyo usidharau noti. Ziandike kwa mtindo huu: neno la kitaalamu, maelezo kwa Kiswahili chako, mfano wa Kiingereza, mfano wa nyumbani. Kama huwezi kupata mfano wa nyumbani bado hujaelewa, rudi. Soma na watu watatu au wanne, sio kumi, na mmoja awe wa kutoka bara mwenye lugha nyengine, masikio yake yatasikia usichosikia. Bando likiwa dogo pakua chati ya IPA mara moja uiweke kwenye simu, na kama mna laptop hata moja kwenye kundi pakueni Praat, ni programu ya bure, unarikodi neno inakuchorea sauti, paa kavu na paa yenye pumzi utaona tofauti kwa macho yako. Past papers anza nazo wiki ya tatu sio wiki ya mwisho. Kwenye mtihani wenyewe penseli, rula na kifutio, kila dai na mfano, na kama muda unakwisha toa mifano uache fasili, marksi nyingi ziko kwenye mifano.

Ukifika mwaka wa mwisho kuna projekti, na vijana wanakuja kwangu wanasema hawana mada. Mwanaisimu William Labov mwaka 1962 aliingia maduka matatu makubwa ya New York, la matajiri, la kati na la bei rahisi, akauliza wauzaji kitu ambacho anajua jibu lake ni "fourth floor", akajifanya hakusikia wakarudia, akawa anahesabu nani anatamka r. Hivyo tu, na matokeo yake yakabadilisha somo. Wewe unaweza. Usimuulize mtu unasema mato au macho, atakujibu la kukufurahisha, muulize miwani inasaidia nini. Ukitaka kurikodi omba ruhusa kwanza, kwa heshima, kwa wazee piga hodi salamu kwanza na usiende na haraka, na majina ya watu usiyaweke kwenye kazi yako.

Kama idara yenu inataka mada iguse Kiingereza, nenda kwa mafundi wa cherehani. Kiingereza "skirt" na "shirt" zina irabu moja ile ile, /ɜː/. Tulipozichukua, moja ikawa sketi kwa e, nyengine ikawa shati kwa a. "Nurse" ikawa nesi. Kwa nini hii e na hii a? Inawezekana ni wakati zilipoingia, inawezekana ni konsonanti inayoitangulia, inawezekana tulizisikia kwa watu tofauti. Kusanya maneno hamsini ya namna hiyo, yapange kwa makundi, uone.